Uzito wa Kamera: Carl Akeley, Mlima Mikeno na Picha za Kwanza za Gorila

Ubishi kuhusu chombo na jicho ulianza mara tu kamera zilipoanza kupelekwa porini. Wako wanaoshikilia kwamba picha njema ya mnyama ni tunda la kamera njema: lenzi ndefu, filamu isiyotaka mwanga mwingi, mitambo isiyokwama kwa vumbi wala kwa unyevu. Wako pia wanaoshikilia kwamba chombo si kitu, na kwamba mwenye kipaji atapiga picha ya maana hata kwa kamera ya sanduku. Kila upande una hoja zake. Kasoro yao ni moja: pande zote mbili humtaja mpiga picha kana kwamba alifika porini peke yake, ameshika kamera mkononi. Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati mambo hayakwenda hivyo. Kamera ilifika kichwani mwa mpagazi.

Kabla ya kumfikia Carl Akeley, ambaye ndiye kiini cha makala haya, yafaa kuwaangalia kwa ufupi wawili waliomtangulia. Wa kwanza ni Mmarekani George Shiras, aliyekuwa amezoea kuwinda paa usiku kwa mtumbwi katika maziwa ya Michigan. Taa iliwekwa mbele ya mtumbwi, mnyama akaduwaa kwa mwanga, mwindaji akafyatua. Ufundi huo asili yake ilikuwa kwa Waojibwa, wenyeji wa nchi ile. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 Shiras aliiweka bunduki kando akaingiza kamera na unga wa magnesi mahali pake. Picha zake za usiku zilipata tuzo katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, na Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha 74 miongoni mwa picha zake. Wajumbe wawili wa halmashauri ya chama chenye jarida hilo walijiuzulu, wakilalamika kwamba jarida la elimu linageuzwa kuwa kitabu cha picha. Kwa msomaji wa leo malalamiko hayo huchekesha kidogo, lakini yaonyesha jinsi picha ya mnyama aliye hai ilivyokuwa haijapata heshima ya kuitwa maarifa.

Wa pili ni Mjerumani Carl Georg Schillings. Huyu alisafiri mara kadhaa katika nchi iliyo leo Tanzania, hasa nyika za Wamasai na pande za Kilimanjaro, kuanzia mwaka 1896 hadi 1904. Alitaka picha za simba usiku, na kamera za siku zile hazikuweza kuzipata. Kiwanda cha Goerz cha Berlin kikashirikiana naye kutengeneza chombo maalumu ambacho mwako wa unga wa magnesi na ufunguaji wa lenzi vilifungamanishwa, ili vitokee kwa pamoja. Chombo kilikuwa kizito na cha hatari, na safari za mwanzo kilimwangusha mara nyingi. Kitabu chake, kilichotoka Leipzig mwaka 1905, kilitajwa kwa vitu viwili: mwanga wa ghafla na bunduki. Jina hilo halikudanganya. Ng'ombe na punda walifungwa usiku kama chambo, simba akaja, uzi ukavutwa, na mwanga ukamulika mnyama akiwa katikati ya mauaji. Picha hizo zina nguvu hadi leo. Lakini ukizitazama sana utaona kwamba kila kitu ndani yake kimepangwa na chombo: mahali, umbali, saa, hata tendo lenyewe la simba. Schillings alipata kile ambacho mtambo wake uliweza kumpa.

Hapa pana jambo la lugha lisilofaa kupitwa. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa kufyatua risasi na kwa kupiga picha, na waandishi wengi wamejenga juu ya kitenzi hicho hoja kwamba mpiga picha wa wanyama ni mwindaji aliyebadilisha silaha. Kiswahili nacho husema kupiga bunduki na kupiga picha, au kupiga foto kama isikikavyo katika miji ya Kongo. Hata hivyo hoja hiyo haihamishiki kwa urahisi. Msemaji wa Kiswahili hupiga pia pasi, simu, magoti na chafya, wala hakuna anayemwita mwindaji. Palipo na uwindaji hasa katika lugha yetu ni katika kitenzi "kunasa". Sauti hunaswa, picha hunaswa, na ndege hunaswa kwa ulimbo. Kunasa hakuhitaji mbio wala nguvu, bali kujua njia ya mnyama na kungoja. Shiras na Schillings walikuwa wanasaji.

Akeley alikuwa mtu wa aina nyingine. Alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la New York, na kazi yake haikuwa picha bali kuunda upya wanyama waliokufa kwa ajili ya makumbusho. Mafundi wa zamani walikuwa wakijaza ngozi majani makavu mpaka ikavimba kama gunia. Akeley alichonga kwanza mwili wa mnyama, msuli kwa msuli, kisha akauvika ngozi. Kwa kazi hiyo alihitaji kujua jinsi tembo anavyouinua mguu na jinsi simba anavyogeuza shingo, na mizoga haimfundishi mtu mambo hayo. Kamera kwake ilikuwa daftari la mchongaji.

Mwaka 1910, akiwa katika nchi ya Kenya ya leo kwa ajili ya makumbusho ya New York, aliazimia kuipiga picha ya sinema shughuli moja ambayo aliiona kuwa kilele cha ujasiri: Wanandi wakiwinda simba kwa mikuki. Wawindaji walimzunguka simba, duara likakaza, simba akachagua mtu wa kumrukia, mikuki ikatua. Yote yalikwisha kwa nukta chache. Akeley hakupata kitu cha maana.

Sababu ya kushindwa kwake yastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo chanzo cha yote yaliyofuata. Kamera ya sinema ya wakati ule ilizungushwa kwa mkono ili filamu ipite. Ilisimama juu ya kitegemeo cha miguu mitatu ambacho kilikuwa na mkono mmoja wa kuigeuza kulia na kushoto, na mwingine wa kuiinamisha na kuiinua. Mpiga picha aliyetaka kumfuata mnyama akimbiaye kwa mshazari alihitaji mikono mitatu. Kwa mtu aliyeketi chumbani hilo si tatizo. Mbele ya simba arukaye ni kikwazo kisichovukika. Jicho la Akeley lilikuwa limekwisha kuona picha aliyoitaka, na chombo kikakataa.

Alirudi Marekani akaanza kutengeneza kamera yake mwenyewe, akapata hataza yake mwaka 1915. Mwili wake ulikuwa wa mviringo na bapa, kiasi kwamba mafundi waliibandika jina la mkate wa chapati. Kichwa cha kitegemeo kiliendeshwa kwa magurudumu mazito yaliyofichwa ndani, hata mkono mmoja ukaweza kuigeuza na kuiinamisha kwa pamoja, kwa ulaini, bila kutetereka. Lenzi zilikuwa mbili zilizolingana kabisa, moja ya kupiga na moja ya kutazamia, na tundu la kutazamia lilibaki mahali pamoja mbele ya jicho hata kamera ilipoelekezwa juu au chini. Kilango cha mwanga kilizunguka ukingoni mwa mwili, na kwa hiyo kiliacha mwanga mwingi zaidi upite kuliko kamera nyingine, jambo kubwa kwa atakayefanya kazi chini ya miti. Kisanduku cha filamu kilichukua futi 200, nacho kilibadilishwa kwa haraka. Futi 200 zilitosha kwa dakika 3 na ushei tu kwa mwendo wa siku zile. Kila sehemu ya chombo hiki ilijibu jambo lililomshinda Akeley mbele ya Wanandi. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa maono yaliyotangulia mtambo na kuuamuru uzaliwe.

Lakini mtambo ukishazaliwa huwa na maisha yake. Jeshi la Marekani liliichukua kamera hiyo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Robert Flaherty aliipeleka kwenye barafu ya Kanada kwa filamu yake juu ya Nanook, iliyoonyeshwa mwaka 1922. Mwaka huohuo Paul Strand, mmoja wa wapiga picha wakuu wa New York, aliinunua, akapendezwa nayo hata akafungua mwili wake na kuzipiga picha chuma na gurudumu zake kwa karibu. Chombo kilichotengenezwa ili kuangalia wanyama kikawa chenyewe kitu cha kuangaliwa. Wapenda kamera wa leo, ambao hujadili lenzi mwaka mzima bila kwenda porini, wana babu yao pale.

Mwaka 1921 Akeley alikuja Kongo, wakati huo koloni la Ubelgiji. Alipanda kutoka Kivu hadi misheni ya Mapadre Weupe ya Lulenga, karibu na Rutshuru, akaingia katika misitu ya mianzi ya milima Mikeno na Karisimbi. Alikuwa akimtafuta gorila wa milimani, mnyama ambaye wenyeji wa pande zile walimjua tangu zamani na kumwita ingagi, lakini ambaye wataalamu wa Ulaya walimjua tangu mwaka 1902 tu, baada ya ofisa wa Kijerumani, Robert von Beringe, kuwapiga risasi gorila juu ya mlima Sabinyo. Habari zilizokuwa zikisomwa Ulaya na Marekani zilimfanya gorila kuwa jitu la kutisha, lipigalo kifua na kuvunja bunduki kwa meno. Picha yake akiwa hai katika makao yake, itembeayo, ilikuwa haijawahi kupigwa.

Akeley alibeba vitu viwili: bunduki ya kupata vielelezo vya makumbusho, na kamera yake. Bunduki ilitangulia. Gorila watano waliuawa kwa ajili ya New York. Nyuso zao zilichukuliwa kwa plasta kabla hazijaharibika, ngozi zao zikatayarishwa mlimani, na mizigo yote ikateremshwa na wapagazi kwenye njia za utelezi. Kisha siku moja Akeley akaliona kundi kwa mbali, jike pamoja na watoto, akaelekeza kamera badala ya bunduki, akazungusha mkono. Picha alizopata ni fupi, tena zina giza la ukungu na majani. Mtazamaji aliyezoea sinema za siku hizi atauliza kama kweli kuna mnyama pale. Hata hivyo ndizo picha za kwanza za sinema za gorila akiwa huru. Hazionyeshi jitu. Zinaonyesha familia inayoshughulika na mambo yake, isiyomdhuru mtu.

Katika kitabu chake cha mwaka 1923 Akeley aliandika kwa uwazi kwamba kuwaua gorila kulimwacha na uzito moyoni, na kwamba alijiona karibu na muuaji. Wasifu mwingi huyasimulia mambo haya kama uongofu: mtu aliingia Mikeno mwindaji akatoka mlinzi. Simulizi hiyo ni nzuri kupita kiasi. Alipohitaji vielelezo, aliua; alipovipata, alipiga picha; na alipotazama alichokipiga, alianza kudai wanyama walindwe. Mpangilio huo hauwezi kufichwa. Wala hauwezi kufuta ukweli kwamba madai yake yalizaa matunda. Tarehe 21 Aprili 1925 amri ya Mfalme Albert wa Kwanza iliweka Mbuga ya Taifa ya Albert kuizunguka milima hiyo, mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika yote, ile iitwayo Virunga tangu mwaka 1969.

Akeley alirudi Mikeno mwaka 1926, safari hii akiwa na wachoraji. Lengo halikuwa filamu. Alitaka kuijenga New York ile sehemu hasa ya mlima aliyoiona mwaka 1921: majani yaleyale, ukungu uleule, volkano za Nyiragongo na Nyamulagira zikifuka moshi nyuma. Mchoraji William Leigh alifanya kazi ya rangi palepale mlimani. Novemba mwaka huo Akeley aliugua akafariki kambini Kabara, akazikwa hapo. Mjane wake, Mary Jobe Akeley, aliisimamia kazi iliyobaki, na ukumbi ulifunguliwa mwaka 1936. Gorila wa mwaka 1921 wamesimama humo mpaka leo nyuma ya kioo.

Jambo hili huwashangaza wengi. Mtu aliyetengeneza kamera bora ya wanyama ya zama zake hakuiamini picha kuwa kazi kamili. Kwake filamu ilikuwa njia, na ngozi juu ya udongo ndiyo iliyokuwa sanaa. Kiswahili cha zamani kingempa neno la kumfaa, kwa kuwa "sanamu" ilitajwa kwa kitu kilichochongwa na kwa kitu kilichochorwa pia, bila kutenga. Akeley aliishi ndani ya neno hilo.

Mfano wa pembeni utasaidia kupima yaliyosemwa. Mwaka 1909, miaka kumi na miwili kabla ya safari ya Akeley, makumbusho hayohayo ya New York yaliwatuma Herbert Lang na James Chapin kaskazini-mashariki mwa Kongo. Walikaa mpaka mwaka 1915, wakapeleka Marekani tani 54 za vielelezo. Lang hakuvumbua chombo chochote. Alitumia kamera ya vioo, nzito na ya polepole, akasafisha vioo porini usiku kwa maji aliyoyapata, akarudi na picha zikaribiazo 10,000. Nyingi ni za watu, hasa Wamangbetu, nazo ndizo zilizomletea sifa. Za wanyama karibu zote ni za mizoga au za wanyama waliokamatwa, naye okapi akiwamo. Si kwa kukosa jicho. Kamera ya Lang ilimtaka anayepigwa picha atulie, na aliyeweza kutulia kwa kuombwa ni binadamu. Kwa hiyo chombo kilimsukuma Lang kuelekea kwa watu, na watu wakampa kazi yake bora. Wanaosema chombo si kitu wangefaa kuzitazama picha hizo, na wanaosema chombo ni kila kitu vilevile.

Okapi wa msituni alibaki akikwepa kamera kwa karibu karne nzima. Mwaka 2008 ndipo kamera zilizofungwa mitini katika mbuga ya Virunga, kwa ushirikiano wa walinzi wa mbuga na watafiti wa London, zilipomnasa usiku akipita mwenyewe. Kamera za namna hii huitwa mitego, na jina hilo halikukosewa: mnyama hupita, joto la mwili wake huamsha chombo, picha hutoka. Hakuna mtu nyuma ya lenzi. Kwa sababu hiyo wapo wasiokubali kuiita sanaa. Lakini mtego haujitegi. Mtu aliyeufunga alichagua mti, kimo na upande wa kuelekeza, kwa kujua nyayo na kinyesi na majani yaliyokatwa. Na kujua huko ndiko kulikokuwa kukikodiwa kwa wenyeji tangu siku za Schillings, kwa ujira wa siku, bila jina kuandikwa chini ya picha.

Suala la majina ndilo linalomrudisha mtafiti Mikeno. Katika picha za safari za kale wapagazi huonekana kwa mbali, mstari mrefu unaovuka nyasi, au hawaonekani kabisa. Wale waliobeba kamera ya Akeley, kitegemeo chake, visanduku vya filamu na maji ya kusafishia, kisha wakabeba ngozi na mifupa ya gorila kuiteremsha, hawamo katika filamu ile fupi ya mwaka 1921. Kamera haikugeuzwa upande wao, ingawa kichwa chake kiligeuka kwa wepesi kuliko kamera yoyote ya siku zile.

Julai 2007 gorila kadhaa wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi kwenye miteremko ya Mikeno, upande wa Bukima. Waliowaua hawakutaka nyama wala ngozi, mizoga iliachwa. Mpiga picha Brent Stirton, wa Afrika Kusini, alikuwapo wakati walinzi na wanakijiji walipokuwa wakiwatoa msituni. Picha aliyoipiga ilizunguka dunia nzima na kupata tuzo ya World Press Photo. Haikuwa kazi ya kuvizia wala ya kunasa, na haikudai chombo ambacho mpiga picha wa kawaida wa gazeti hana. Senkwekwe, dume lenye mgongo wa fedha, amelazwa chali juu ya machela ya miti iliyokatwa palepale, amefungwa mikono na miguu asiporomoke. Chini yake na pande zake zote wako watu, zaidi ya kumi, mabega yamebonyea kwa uzito, wakipita katikati ya majani mabichi, nao ndio waliojaza picha.